Wameniwekea upinde mpya wa mshipa mkubwa, sauti ya mnadani bado

Mi ni dalali wa samaki pale Feri, Kivukoni, kazi nimeifanya zaidi ya miaka 20, boti zikiingia alfajiri napanda juu ya meza naanza themanini, themanini na tano, tisini nani anaongeza, mpaka jua linachoma. Nalisema mapema ili mtu asishangae kwanini kwenye habari ya upasuaji wa kifua naongelea koo kila saa. Ugonjwa ulijitangaza kooni, na kooni ndio matokeo yake yamebaki mpaka leo.

Sauti ilianza kukauka taratibu. Kwa kazi yetu hio ni kawaida, kila dalali ana wiki zake za kukauka, unakunywa tangawizi na asali, unampisha mwenzako siku mbili tatu, inarudi. Yangu ikagoma kurudi. Wengine wakasema ni ubaridi wa barafu, wengine wakasema nimechezewa maana mnadani husda ipo jamani tusidanganyane, bi mkubwa yeye akapiga marufuku maji ya friji. Duka la dawa wakanipa antibayotiki, haikusaidia wakanipa nyingine yenye bei zaidi. Aliyeshtuka ni binti yangu anayesomea unesi, akasema baba, mtu mzima sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu nne lazima koo liangaliwe na kamera, usibishane na mimi. Nikaenda kwa daktari wa koo, pua na masikio, akapitisha kile kimpira chembamba chenye kamera puani (machozi yalinitoka, sisemi uongo), akaangalia akasema koo lako safi mzee, ila uzi wa sauti wa kushoto hauchezi, umelala tu. Alafu akaandika nikapige eksirei ya kifua. Nikamwambia dokta, mi nimeleta koo, kifua cha nini tena.

Kumbe ile neva inayouchezesha uzi wa sauti wa kushoto haiendi moja kwa moja. Inatoka kichwani, inashuka mpaka kifuani, inapita chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, inazunguka pale alafu ndio inapanda tena kurudi kooni. Ya kulia haishuki mbali namna hio. Kwahiyo upinde ukivimba unaivuta au unaibana hii ya kushoto, sauti inaondoka wakati moyo wenyewe hausemi kitu, hauumwi kifua, huchoki, unabeba ndoo ya vibua vizuri tu. Eksirei ikaonyesha kivuli kipana kuliko inavyotakiwa, siti skani ikamaliza ubishi.

Kwa ambaye hajui, aota ni mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, unatoka moyoni unapanda juu, unakunja kuelekea nyuma upande wa kushoto, alafu unashuka mpaka tumboni. Pale kwenye mkunjo, ndio upinde wenyewe, inachomoza mishipa mitatu inayopeleka damu kichwani na mikononi. Upana wake kwa mtu mzima ni sentimita 3 hivi. Madaktari wanaanza kuongelea kisu ukifika 5.5. Wangu ulikuwa 6.3, umetoka jipu la pembeni lile la tairi kuukuu la daladala, unajua kabisa litapasuka ila hujui ni kwenye kona gani.

Daktari wa moyo alitukalisha mimi, bi mkubwa na binti akatuchorea kwenye karatasi. Alichoniambia nimekishika vizuri maana mi ni mtu wa hesabu. Mshipa ukichanika ghafla sehemu ya mbele, saa zile za mwanzo kati ya watu 100 anaweza kuondoka mmoja au wawili kila saa inayopita bila upasuaji. Hapo nikapiga hesabu ya foleni ya kutoka Mbagala mpaka mjini asubuhi, nikanyamaza. Akasema wanaofanyiwa kwa dharura baada ya kuchanika, hata kwenye hospitali kubwa za nje, 15 mpaka 20 katika 100 hawatoki. Waliopangiwa mapema, mshipa bado mzima, kwenye hospitali zinazofanya kazi hii mara kwa mara, wasiotoka ni chini ya 10. Alafu akafungua ukurasa wa pili ambao watu huwa hawaulizi: katika hao wanaotoka kuna wachache wanatoka na kiharusi, wengine figo zinasimama inabidi kusafishwa damu, wengine wanafunguliwa tena kwa kuvuja damu, wengine miguu inapooza kwa sababu uti wa mgongo ulikosa damu. Na sauti.

Nilimuuliza kitu kimoja tu, nitanadi tena? Akasema mzee wangu, hilo sikuahidi, neva iliyokaa imebanwa miezi inaweza isiamke, na sisi tutakuwa tunakata hapohapo inapopita. Nilimheshimu kwa jibu lile. Mtu anayekupa ahadi kirahisi kwenye jambo kubwa mi mnadani humwambia alete hela kwanza.

Basi kikao cha madaktari kikaamua niende India. Ya michango sitaielezea sana, mnajua inavyokuwa, grupu la WhatsApp linafunguliwa, mpwa wangu ndio mweka hazina, kila jioni orodha inapandishwa. Wenye boti walitoa, mama lishe walitoa, dalali mmoja ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu ugomvi wa tenga la jodari alitoa kuliko ndugu zangu wawili wa damu. Hayo yalishapita.

Kazi yenyewe wanaifanyaje. Upasuaji mwingine wa moyo unaunganishwa mashine ya moyo na mapafu, inasukuma damu mwilini wakati moyo umelala, mambo yanakwenda. Upinde ni kesi nyingine kwa sababu mishipa ya kichwa inatokea palepale wanapotaka kukata, kwahiyo kuna dakika lazima damu isimame. Ndio wanaupoza mwili. Mwili uliopoa unahitaji oksijeni kidogo, ubongo unavumilia. Mi walinishusha mpaka nyuzi 24 hivi, kutoka 37 ya kawaida, na kichwa wakakilisha damu kupitia mshipa wa chini ya mtulinga wa kulia, ndio maana nina makovu mawili, moja refu katikati ya kifua na jingine fupi begani ambalo watu wakiliona wananiuliza nilikatwa na nini.

Nilipokuwa nimekaa ndani sina kazi nikawa nasoma haya mambo kwenye simu, binti ananitafsiria palipokuwa pagumu. Kuna mmarekani, Michael DeBakey, daktari wa Houston, huyu miaka ya 1950 alishona mabomba ya mwanzo ya kitambaa cha Dacron, ya kuwekwa badala ya mshipa ulioharibika, kwa cherehani ya mke wake, kweli kabisa, cherehani ya nyumbani. Mwaka 1957 yeye na wenzake wakaripoti kufanikiwa kubadilisha upinde, ila siku zile walitumia mshipa wa marehemu. Mambo yalitulia zaidi 1975 baada ya Randall Griepp kuonyesha namna ya kupoza mwili wote alafu ndio unakata. 1983 kule Hannover, Ujerumani, Hans Borst akaja na ujanja wa kuacha kipande cha bomba kining'inie ndani ya mshipa unaoshuka, wakakiita mkonga wa tembo, ili siku mshipa wa chini ukileta shida fundi anayefuata akute pa kushikia. Mi ninao huo mkonga, toleo la sasa hivi lenye waya ndani unaolishikilia bomba. Lakini iliyonipa nguvu ni hii: DeBakey mwenyewe mwisho wa 2005, ana miaka 97, mshipa wake ukachanika. Februari 2006 wakamfanyia upasuaji ambao yeye ndio alikuwa mmoja wa waanzilishi. Alikaa hospitali miezi mingi ila alitoka, akaishi mpaka Julai 2008. Nikasema kama mzee wa 97 kapita, mimi na hamsini na kitu zangu nitashindwaje, ingawa binti alinikumbusha kuwa yule alikuwa na madaktari aliowafundisha mwenyewe wamezunguka kitanda.

Nusu kaputi ikanichukua nikiwa nataka kuwaambia neno, sijui hata neno gani. Kuzinduka kwangu mtu ananiambia kwa kiingereza sogeza vidole vya miguu, kamata mkono wangu, bana, mwingine, bana. Nilidhani wananitania. Baadae ndio nikaelewa kwamba zile sekunde ndio walikuwa wanasoma matokeo: mikono ikibana sawasawa kiharusi hakipo, miguu ikicheza uti wa mgongo umesalimika. Bi mkubwa anasema daktari alitoka nje akamwambia imekwenda vizuri sana. Na kwa hesabu yake alikuwa sahihi, nilikuwa hai, mikono miwili, miguu miwili, mkojo unatoka.

Ila usiku ule na uliofuata ICU niliwasumbua. Kuchanganyikiwa baada ya upasuaji wa moyo kunatokea kwa wengi, wa upinde ndio zaidi, mtu anaona vitu, anang'oa mipira. Mi nilikuwa nanadi. Nimewauzia manesi wa Kihindi jodari, changu, na pweza wa Kilwa, kwa sauti ya kunong'ona maana nyingine sina, nanyoosha vidole kuonyesha bei, mmoja akadhani naomba maji. Wakanifunga mikono na vitambaa laini nisivute mipira ya kifuani. Asubuhi nikaona aibu lakini wale mabinti walikuwa wanacheka tu, wameshaona waume zaidi yangu wakilia kuita mama. Ndugu wa mgonjwa mkikuta hali hio msikimbilie kusema ameharibiwa akili au kuna kitu kimemwingia. Mwite jina lake, mwambie leo siku gani, mvishe miwani yake, mfungulie pazia aone mchana ni mchana. Kwa walio wengi inaondoka yenyewe kwa siku chache.

Kilichochelewa kuondoka kwangu ni hesabu. Hili sikuambiwa, au niliambiwa nikiwa sisikii. Miezi ya mwanzo nyumbani mtu akinitajia ndoo saba kwa elfu arobaini na tano nilikuwa natafuta jibu, mimi, ambaye nilikuwa namwambia mteja jumla kabla hajamaliza kuhesabu. Nikawa nalia pia, bila sababu, taarifa ya habari ikipigwa tu machozi. Kwenye kliniki nikauliza wakasema ni kawaida kwa waliopitia ile mashine, mara nyingi inatengemaa ndani ya miezi sita hivi mpaka mwaka, ila huzuni ikizidi iseme usiifiche. Nilisema. Hesabu zilirudi, nadhani zote, mpwa wangu ananijaribu mara kwa mara na mpaka sasa hajanipata.

Mfupa wa kifua nao una sheria zake. Unafungwa kwa waya, unahitaji wiki nane mpaka kumi na mbili kuungana vizuri, katikati hapo hunyanyui kitu cha zaidi ya kilo tano hivi, hujivuti kwa mikono kuamka kitandani, unakohoa umekumbatia mto. India yote haya rahisi, korido zao laini. Dar sasa. Daladala ile bomba ya kushika juu ya kichwa usiiguse kabisa. Bajaji kwenye mashimo ya mtaani kwetu kila shimo nalisikia kwenye waya, ikabidi dereva awe mmoja huyohuyo ambaye alishajifunza, akiona mto wangu tu anapunguza mwendo. Wajukuu wanakurukia. Ndoo ya maji ya bomba ipo pale inakuangalia na bi mkubwa hayupo. Kulikuwa na kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu unavuta pumzi vinapanda, nilikuja nacho kutoka hospitali, nikawa nashindana na mjukuu, nadhani ndio kilichoniokoa na nimonia.

Maji nayo. Uzi wa sauti ukiwa umelala, unapomeza koo halijifungi vizuri, kwahiyo kupaliwa ni kila siku, na kinachopalia zaidi ni chepesi, maji na chai, uji mzito unapita salama. Nilifundishwa kuinamisha kidevu chini wakati wa kumeza na kunywa kwa funda ndogondogo bila kuongea. Kwa dalali kula bila kuongea ni adhabu.

Sauti yenyewe niliisubiri. Daktari wa koo alisema tusiharakishe, neva ikijirudi inachukua miezi mpaka mwaka, wakati huo kuna sindano, wanachoma kitu kinachoujaza ule uzi uliolala usogee katikati ili mwenzake wa kulia aweze kuukuta. Nilichomwa. Ilisaidia kweli, simu naongea, msikitini nikisalimia watu wanaitikia, kupaliwa kumepungua sana. Sindano ile huwa inaisha nguvu baada ya miezi kadhaa, ya kudumu ni upasuaji mdogo wa shingoni wanaweka kipande kinachousukuma uzi moja kwa moja, huo nimeuweka kiporo, kwa sasa shingo yangu iache ipumzike. Lakini kushindana na kelele za Feri saa kumi na mbili asubuhi, pantoni inapiga honi, vijana wa mikokoteni wanapiga kelele, hapana. Nilijaribu kipaza sauti wakanicheka mpaka nikakizima mwenyewe. Mpwa wangu ndio anapiga kelele, mi nimekaa pembeni yake namwonyesha kwa vidole, wanunuzi wa zamani washajua waangalie vidole vyangu. Asilimia yangu imepungua, hilo halijaandikwa kwenye ripoti yoyote ya hospitali.

Sasa presha, hapa naomba mtulie kidogo maana ndio nadhani watu wengi wanapoteza mchezo. Kilichobadilishwa ni upinde tu. Kinachofuata kushuka mpaka tumboni ni kilekile nilichozaliwa nacho, kimepigwa na presha miaka ileile. Bomba la Dacron halitanuki, mshipa wangu wa zamani ndio unatanuka. Kwahiyo lengo nililopewa ni chini ya 130 kwa 80, siku zote, sio siku za kliniki. Na kuna kitu nilikigundua kwa bahati. Nilikuwa napimwa duka la dawa la jirani, mkono wa kushoto, 118, safi, narudi nyumbani natembea kifua mbele. Kliniki wakapima wa kulia, 146. Wakarudia, hivyohivyo. Maana mshipa wa mkono wa kushoto ni mmojawapo wa ile mitatu inayotoka kwenye upinde, ule ulishonwa upya, ukiwa umebana kidogo pale ulipounganishwa damu inafika mkononi na nguvu pungufu, mashine inasoma pungufu, wakati huko ndani presha iko juu. Wakasema kwa mtu uliyefanyiwa hivi pima mikono yote miwili, mkono unaosoma juu ndio mkono wako wa kupimia maisha yako yote. Wangu ni wa kulia. Siku hizi nesi yeyote akinishika wa kushoto naurudisha mfukoni.

Dawa nakunywa ya kupunguza kasi ya moyo na za kushusha presha. Ile ya kasi ya moyo inachosha mwanzoni, mikono inakuwa ya baridi, na wanaume wenzangu tusifichane, kule chumbani pia kunaweza kulegea. Mwingine hapo anaacha dawa kimyakimya, mwingine ndio huyo kwa wauza vumbi la Kongo. Mi niliuliza daktari ana kwa ana, kijana mdogo tu rika la mwanangu, nikameza aibu. Akabadilisha aina ya dawa, hali ikawa afadhali, akaniambia ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema, mke wako hatakuua, ila kitu kisicho na lebo usimeze. Kuacha ghafla ile dawa ya kasi ya moyo ni hatari, presha inaruka. Bora uulize.

Alafu sipro. Nilipata mkojo unaouma, nikamtuma kijana duka la dawa, wakampa sipro bila hata kuuliza ni za nani, kama tunavyopewa wote mjini hapa, UTI sipro, taifodi sipro, tumbo sipro. Binti ndio alikamata boksi. Akanionyesha: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari Desemba 2018 kwamba dawa za kundi hilo, siprofloksasini, levofloksasini na ndugu zao, zinaongeza hatari ya mshipa mkubwa kuchanika au kupasuka, na mtu mwenye uvimbe wa aota asipewe mpaka pakosekane njia nyingine. Zipo antibayotiki nyingine za kutibu mkojo. Sasa nina karatasi kwenye pochi imeandikwa nimefanyiwa nini, bomba gani, dawa ninazotumia na dawa nisizotakiwa kupewa, naitoa kabla mtu hajafungua droo. Ukifika duka la dawa na karatasi wanakuangalia vibaya kidogo. Sawa tu.

Wengine wananikataza mchicha. Hio ni ya wenye vali ya moyo ya chuma wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hata wao hawakatazwi, wanaambiwa wale kiasi kilekile siku zote dawa isiyumbe. Mi vali yangu ni yangu, warfarini situmii, matembele nakula. Nilichokatazwa kweli ni chumvi, na kwa mtu wa Feri kumnyima ng'onda ni kumnyima undugu, lakini nimezoea, ndimu na pilipili zinasaidia.

Siti skani narudia. Mwezi wa kwanza, wa sita, mwaka, alafu kila mwaka. Wanaangalia viungo walivyoshona havivuji na wanaangalia mshipa wa chini umetanuka kiasi gani. Wa kwangu uko 4.1 na haujasogea, ukisogea wataingiza bomba jingine kupitia paja, litashikizwa kwenye ule mkonga wa yule Mjerumani, bila kupasua kifua tena. Kabla ya ile dawa ya rangi wanayochoma kwenye skani lazima figo zipimwe kwanza maana inaweza kuzisumbua, hilo msikubali lirukwe. Gharama yake inauma, naitengea pembeni kila wiki kidogokidogo, mpwa ndio anashika, yeye haguswi na huruma.

Mwisho ni hili la ndugu. Uvimbe wa aota unaweza kutembea kwenye ukoo, kwahiyo waliniambia watoto, kaka na dada zangu wote wapimwe, eko ya moyo, ile ultrasaundi ya kifuani, inaanza inatosha kuona sehemu ya mwanzo ya mshipa. Baba yetu alianguka sokoni Tandika akafa palepale, tukazika, tukasema siku yake imefika. Watoto wangu wote wako sawa. Dada yuko sawa. Mdogo wangu wa mwisho, fundi ujenzi, mwili wa chuma, hajawahi kulazwa hata na malaria, tulivutana miezi ndio akakubali kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Upanga, na akaenda kwa sababu mama alimpigia simu. Sentimita 4.4. Haifiki kisu, ila sio ya kawaida. Amepewa dawa ya presha, ameambiwa asinyanyue mifuko ya saruji, arudie kipimo. Dawa anameza, nimehakikisha kwa shemeji. Mifuko ya saruji anasema amepunguza, na bado anadai mashine ile siku hio ilikuwa na matatizo. Mwezi ujao anapimwa tena, nimeshamwambia nitakuwa nje ya mlango wa kipimo, na hela ya bajaji nimelipa mimi.